Mshahara unaingia alfajiri, kukicha haupo: nifungue akaunti gani?

Shikamoo Mama,

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi za kazini, kwa sababu nyumbani siwezi kuandika haya bila mwanangu kuniuliza mbona macho yamekuwa mekundu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 38, nimeajiriwa na nalipwa kila mwisho wa mwezi.

Miaka mitatu iliyopita mume wangu aliugua sana. Katika kuhangaikia matibabu nikakopa, na nilipokosa pa kulipia nikakopa tena. Nina mkopo wa mshahara na kadi ya mkopo, vyote kwenye benki ninayopitishia mshahara. Nina ovadrafti hapo hapo, yaani ruhusa ya kutoa zaidi ya salio. Nje ya benki nina deni la duka moja la samani na mikopo miwili ya kwenye simu. Mume wangu amepona, namshukuru Mungu. Madeni yamebaki.

Mwezi uliopita nilijikaza nikaenda kwa mshauri wa madeni. Tulikaa saa mbili nzima tukiandika kila kinachoingia na kila kinachotoka, hadi viatu vya shule vya watoto. Akawaandikia wadai wote, nao wakakubali: kila mwezi natoa kiasi kimoja, kinagawanywa kwao kulingana na ukubwa wa deni la kila mmoja. Siku ile nililala usingizi wa kweli.

Kisha ikafika siku ya mshahara. Saa kumi na moja alfajiri simu ikalia: mshahara umeingia. Kabla sijaiweka chini ikalia tena. Benki imekata malimbikizo ya mkopo, imekata ya kadi, imefidia ovadrafti. Kilichobaki hakikutosha nauli ya wiki moja. Dada wa dirishani alinigeuzia skrini nione mwenyewe, akaniambia kwa upole kwamba mfumo ndio unaokata. Kwa hiyo mwezi wa kwanza tu wa makubaliano, pesa ya wadai sikuwa nayo.

Nimejaribu kufungua akaunti kwingine. Benki ya kwanza niliomba ile akaunti waliyoitangaza kwenye bango, yenye kadi na uwezo wa kutoa zaidi ya salio. Baada ya siku mbili wakaniandikia kwamba ombi langu halikufanikiwa. Ya pili niliomba kwa simu, nikapiga picha kitambulisho na bili ya maji ya nyumba tuliyohama. Ikakataa palepale, bila sababu.

Sasa kaka yangu anasema mshahara upitie kwake, yeye atanipa taslimu. Mume wangu anataka tufungue akaunti ya pamoja. Na kazini kuna mtu anayemjua mtu ambaye, kwa malipo, anasafisha jina kwenye kumbukumbu za mikopo.

Mama, je, mtu aliye kwenye mpango wa kulipa madeni anaruhusiwa kufungua akaunti mpya? Nikifungua, si nitaonekana ninaficha pesa? Na ile ya zamani niifanyeje? Orodha ya mishahara kwetu hufungwa tarehe 20.

Ni mimi, Mama wa Wawili

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nianze na lile linalokunyima usingizi. Ndiyo, unaruhusiwa kufungua akaunti. Si hilo tu: mshauri wako angepaswa kukuambia ufungue kabla barua za wadai hazijatoka. Mtu yeyote anayeingia kwenye mpango wa marejesho huku mshahara wake ukipitia benki anayodaiwa, ameacha mlango wazi. Ulifanya kila ulichoambiwa na bado ukaumia. Hilo usijilaumu.

Kilichotokea alfajiri ile kina jina. Benki inayokudai, na wakati huohuo inakushikia pesa, katika nchi nyingi inaruhusiwa kuchukua fedha za akaunti moja kufidia deni la akaunti nyingine, mradi zote ni za mtu yuleyule na deni limeshafika wakati wa kulipwa. Ipo kwenye mkataba uliousaini, aghalabu kurasa za nyuma kwa herufi ndogo. Haihitaji kwenda mahakamani wala kukuuliza tena. Wadai wasiokushikia pesa, lile duka kwa mfano, hawana njia hiyo. Wao wangelazimika kukuandikia, kukupigia, au kwenda kwa hakimu.

Makubaliano yako ni ya hiari, kwa jinsi ulivyoyaeleza. Mpango wa namna hiyo hauna nguvu ya amri ya mahakama. Kitengo kimoja cha benki kinaweza kuwa kimekubali barua ya mshauri wako, huku mashine ya kitengo kingine ikiendelea kukata kama ilivyopangwa siku ulipokopa. Mara nyingi hakuna aliyekusudia ubaya. Ni kwamba hakuna aliyekwenda kuizima. Ndiyo maana jibu la kwanza si kugombana na dada wa dirishani, ambaye kwa kweli hana ufunguo wa mfumo ule. Jibu la kwanza ni kuutoa mshahara njiani.

Benki mpya iwe ni ile ambayo hudaiwi nayo hata kidogo. Hapa watu wengi huteleza, maana benki mbili zenye majina na rangi tofauti zinaweza kuwa za kampuni moja, na mkataba ukaruhusu mkono mmoja kuchukua kwa niaba ya mwingine. Kabla hujaenda, soma chini kabisa ya tovuti yao, pale wanapoandika mmiliki na leseni. Angalia pia ni nani hasa aliyekukopesha kwenye simu. Mara nyingi nyuma ya programu ya mikopo kuna benki iliyotoa zile pesa, nawe ukienda kufungua akaunti kwake utakuwa umerudi palepale.

Sasa aina ya akaunti. Tafuta iliyo nyepesi kuliko zote: ya kuweka, kutoa, kulipa na kupokea mshahara, basi. Isiwe na ovadrafti. Isiwe na kadi ya mkopo, bali ya kutumia pesa iliyomo tu. Kama salio halitoshi, malipo yakatae, yasikuingize kwenye hasi. Uliza kuhusu ada ya kila mwezi, kiwango cha chini cha salio, na faini inayotozwa malipo yakigonga mwamba. Hilo la faini uliza mara mbili. Kuna akaunti zinazoitwa za bure ambazo agizo moja likishindikana zinakukata adhabu, na kwa mtu anayehesabu kila senti adhabu mbili tu zinaweza kuvunja bajeti ya mwezi.

Nadhani sasa unaona kwa nini ile benki ya kwanza ilikukataa. Uliomba akaunti yenye uwezo wa kutoa zaidi ya salio, na huo ni mkopo hata kama tangazo halikuuita hivyo. Wakaangalia kumbukumbu zako kama wanavyomwangalia mkopaji. Ungeomba akaunti tupu, kazi yao kubwa ingekuwa kuthibitisha wewe ni nani na unakaa wapi, kwa sababu sheria za kuzuia utakatishaji fedha zinawabana kwenye hilo. Zipo benki zinazopekua kumbukumbu hata kwa akaunti tupu, lakini si zote, na wanachotafuta humo mara nyingi ni udanganyifu au kufilisika. Kulipa polepole ni jambo jingine.

Ya pili ilikukataa, ninavyoona mimi, kwa ile bili ya maji. Kitambulisho kinasema hivi, anwani kwenye fomu inasema vile, bili ni ya nyumba uliyohama. Mashine haina macho ya kukuona ulivyo mkweli. Nenda tawini mwenyewe. Chukua kitambulisho halisi, barua ya mwajiri yenye tarehe ya karibuni inayotaja kazi yako na anwani unayokaa sasa, na hati moja ya nyumba mpya. Ukifika kwa afisa usianze na historia ya madeni. Sema: "Nataka akaunti ya kupokelea mshahara, isiyo na ovadrafti wala huduma yoyote ya mkopo." Akiuliza kuhusu madeni, mjibu ukweli wote, na mwoneshe barua ya makubaliano. Fomu ikiuliza, jaza ukweli. Uongo kwenye fomu ndio unaoweza kukufungia akaunti baadaye, katikati ya mwezi, mshahara ukiwa ndani.

Wakikukataa, omba sababu kwa maandishi na uulize kama wanayo akaunti nyingine ya ngazi ya chini. Mara nyingi ipo, ila haibandikwi kwenye bango. Usikimbie kuomba benki tano kwa wiki moja, hasa akaunti zenye mkopo ndani, kwa sababu kila ombi la mkopo linaweza kuacha alama kwenye kumbukumbu zako, na alama nyingi za karibukaribu zinamtia shaka anayekuja kusoma.

Inafaa pia ujue sheria ya mahali ulipo inakupa nini, maana zipo nchi ambako akaunti ya msingi ni haki. Ufaransa imekuwa nayo tangu 1984: ukikataliwa, benki kuu ya nchi inaichagua benki na kuiagiza ikufungulie. Umoja wa Ulaya ulitoa agizo mwaka 2014 kwamba kila anayeishi humo kihalali apate akaunti ya msingi, na hali mbaya ya kifedha isiwe sababu ya kumnyima. Ujerumani, tangu 2010, mteja anaweza kuiomba benki igeuze akaunti yake kuwa ya ulinzi, ambamo kiasi fulani cha kila mwezi hakiguswi na wadai wanaokuja na amri ya kukamata. Marekani inakwenda kwa njia nyingine: yapo makampuni yanayotunza kumbukumbu za akaunti zilizofungwa vibaya, mbali na zile za mikopo, na una haki ya kuomba nakala uone kilichoandikwa juu yako. Muulize mshauri wako, au msimamizi wa mabenki katika nchi yako, swali hili moja: je, kuna akaunti ambayo benki haziruhusiwi kuninyima? Wengi hawaliulizi.

Sasa kaka yako. Najua anakupenda na hakuna hila. Lakini pesa ikishaingia kwenye akaunti yake, mbele ya sheria kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni yake. Akidaiwa yeye, inaweza kukatwa. Akipata ajali, wewe huna saini pale. Benki yake ikiona mshahara wa mtu mwingine unaingia na kutolewa taslimu kila mwezi, inaweza kuuliza maswali na hata kuizuia akaunti. Na ndugu mnaweza kukosana kwa jambo dogo tu. Zaidi ya hayo, hiyo ndiyo njia itakayoonekana kama kuficha. Akaunti yenye jina lako, iliyotajwa kwenye karatasi za mpango, haifichi chochote. Mshahara uliopitishwa kwa kaka ndio utakaokufanya ushindwe kujieleza mbele ya mdai, na kama siku moja mpango wako utageuzwa kuwa wa kisheria, kutoueleza kunaweza kuhesabiwa ni udanganyifu.

Ya pamoja na mumeo nayo subiri. Madeni ni ya jina lako. Mkiunganisha akaunti, katika nchi nyingine kumbukumbu zake zinafungamanishwa na zako, na mdai mwenye amri anaweza kuifikia hata pesa aliyoweka yeye. Ndoa yenu haipungui kitu mkiwa na akaunti mbili kwa miaka hii michache. Kaeni mezani siku ya mshahara mpange pamoja, kila mmoja na simu yake.

Na huyo wa kusafisha jina, mwambie hapana, leo. Taarifa iliyoandikwa kimakosa unaweza kuomba irekebishwe wewe mwenyewe. Iliyo ya kweli hakuna anayeweza kuifuta kihalali kabla ya muda wake. Atachukua pesa yako, na pengine na nakala ya kitambulisho chako.

Tuje kwenye kuhama, na hapa nenda taratibu. Kwanza akaunti mpya ifunguke kweli. Iweke kiasi kidogo, kitoe kwa kadi, ulipe kitu, uone inafanya kazi. Ndipo uende kwa mhasibu wa kazini na barua yenye namba ya akaunti, umkabidhi mkononi kabla ya tarehe 20, na akugongee muhuri nakala yako. Muulize pia kama mkopo wa mshahara unakatwa na mwajiri kabla mshahara haujatoka, au unakatwa na benki ukishaingia. Kama ni mwajiri, kuhama akaunti hakutaugusa mkopo huo, na mshauri wako lazima aujue ukweli huo ili bajeti iwe ya kweli. Soma vilevile mkataba wa mkopo, kwa maana mingine ina sharti kwamba mshahara utapitia benki hiyo mpaka deni liishe. Kama sharti lipo, usilipite kimya. Mshauri wako aiandikie benki kwamba unahamisha mshahara ili uweze kulipa wadai wote mlivyokubaliana, na barua hiyo itangulie.

Malipo yanayojiendesha yanahitaji jicho la karibu. Chukua taarifa ya akaunti ya miezi mitatu, kalamu nyekundu, na upitie mstari kwa mstari. Kodi ya nyumba, umeme, bima, ada ya shule. Yale uliyoagiza wewe benki iyatume kila mwezi ni agizo la kudumu, na unaweza kulisimamisha. Yale ambayo kampuni inajikatia kwa idhini yako, ifute idhini benki, kisha iarifu kampuni. Yale yanayokatwa kupitia namba ya kadi yamejificha kuliko yote, kwani hayaonekani kwenye orodha ya maagizo; yanaonekana tu yakishakatwa. Na kwenye simu, fungua kila programu ya mikopo uone kama imeunganishwa na pochi yako ya simu. Mikopo mingine hukata yenyewe pesa yoyote inayoingia humo, hata ile uliyotumiwa na mama yako mzazi. Namba yenye deni la namna hiyo isiwe ya kupokelea pesa ya matumizi.

Akaunti ya zamani usiifunge kwa haraka. Yenye salio hasi pengine hutaweza hata kuifunga. Iache wazi mwezi mmoja au miwili ili malipo uliyoyasahau yajitokeze, lakini usiweke humo hata senti. Ovadrafti sasa ni deni kama mengine: mwambie mshauri aiingize kwenye orodha, na benki iombwe iondoe kikomo, isimamishe riba na ada, kisha iigeuze kuwa deni la kulipwa kidogokidogo.

Siku moja baada ya mshahara, agizo la kudumu lipeleke pesa ya mpango. Nasema siku moja baada, si siku ileile, kwa sababu mshahara unaweza kuchelewa saa chache na agizo likakuta pamekauka. Kama benki inakuruhusu mfuko wa pili ndani ya akaunti hiyo, weka kodi na bili humo, na ubakishe kwenye kadi pesa ya matumizi ya wiki tu. Nimewaona watu wengi wakitulia kwa hilo moja: kujua kwamba kilichopo kwenye kadi kinaruhusiwa kutumika chote.

Kuhusu ule mshahara uliokatwa, usiuache hivihivi. Andika barua kwa kitengo cha wateja waliokwama kimalipo, ambatanisha makubaliano, bajeti yenu na taarifa ya akaunti ya siku ile. Waoneshe kwamba kukata kwao kulikuondolea pesa ya kodi na ya kulisha watoto, na uombe warudishe angalau kiasi cha mahitaji hayo. Hawalazimiki kila mahali, lakini wengine hurudisha sehemu wakioneshwa karatasi. Wakikataa, omba jibu lao la mwisho kwa maandishi. Bila hilo ngazi ya malalamiko ya juu yao mara nyingi haitakupokea.

Na leo, kabla ya benki, mpigie mshauri wako. Mwambie mwezi wa kwanza umekosa, na kwa nini. Yeye anaweza kuwaandikia wale wadai wengine kabla hawajakuhesabu kuwa umevunja makubaliano, na ukosaji mmoja ulioelezwa mapema wengi wao huuvumilia. Mpe namba ya akaunti mpya ikipatikana, aiweke kwenye faili lako. Hiyo ndiyo nakala utakayoionesha siku yeyote atakapokuuliza kama ulikuwa unaficha.

Barua ya mwajiri iombe kesho asubuhi, kwani hiyo ndiyo inayochelewa. Tawini nenda siku za katikati ya wiki, mapema. Ukikabidhi namba kwa mhasibu tarehe 18 au 19, mwezi huu simu italia mara moja tu alfajiri.